Kamba wa Plastiki

Chupa ya chai iliyokuwa mezani siku ya hitima ya Bibi ni ya Mjapani halisi, nyekundu, ina maua meupe ubavuni, na haikutakiwa kuwa hapa Doonside, Sydney. Ilitakiwa iwe Tanga, juu ya kabati la Bibi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ikishushwa kwa wageni wa maana tu. Lakini siku ile ilizunguka sebuleni kwetu mkononi mwa Baba, kutoka kikombe hadi kikombe, katikati ya watu waliokuja kutoka Auburn na masufuria yao ya pilau, wakivua viatu mlangoni mpaka pakafanana na soko la mitumba. Simu ya Baba ilikuwa imeegeshwa kwenye bakuli la tende, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, ili tusome pamoja na wenzetu wa Tanga. Kisomo kilipoisha, kabla Shangazi Tatu hajazima simu kule, tukasikia sauti ya kitoto, ya mtoto wa jirani nadhani, ikiuliza waziwazi kama mtu anayeuliza njia: "Kwani aliyekufa ni Bi Plastiki?" Mtu akamnyamazisha. Sebuleni kwetu hakuna aliyecheka. Baba alisimama na chupa mkononi, chai ikaendelea kumwagika kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, ikafika kwenye sahani, ikafika kwenye zulia. Mimi nikapiga magoti nikapangusa zulia, nikalipangusa muda mrefu kuliko lilivyohitaji, kwa sababu jina lile nililitunga mimi. Nilipolitunga nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Najua miaka kumi na saba si umri wa kuandika kumbukumbu. Wanaoandika kumbukumbu huwa na mvi na kitambi, nami nina chunusi na mtihani wa mwisho. Shuleni mimi ndiye mchekeshaji. Mwalimu wa hesabu alishaniambia kwamba nikifeli nitafeli kwa furaha. Nimejaribu kuuandika mwaka ule kama kichekesho, mara tatu, na mara zote tatu nilipofika kwenye kamba nikaacha. Safari hii naandika hivi hivi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiswahili hiki ni cha Bibi. Kabla hajaja nilikuwa kama watoto wote wa hapa: naambiwa kwa Kiswahili, najibu kwa Kiingereza, na wazazi wamechoka kupigana. Bibi hakuchoka. "Ukijibu Kizungu, chakula kinabaki jikoni," alisema siku ya pili, na siku ya tatu chakula kikabaki jikoni kweli. Ya nne nikaongea.

Alikuja kwa miezi mitatu, kumwona mdogo wangu Rukia aliyezaliwa. Jina lake Bi Mwanakombo, na pale Tanga alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, maulidi, arobaini, watu mia tatu bila kutoa jasho. Watu walikuwa wakiahirisha harusi kumsubiri yeye arudi safari. Basi akaja, Rukia akatimiza arobaini, na mipaka ikafungwa. Tiketi yake ikasogezwa, ikasogezwa tena, halafu shirika la ndege likaacha hata kujibu. Miezi mitatu ikawa karibu miaka miwili, na mwaka wa kwanza wa hiyo miaka miwili alilala chumbani kwangu.

Chumba kilinuka karafuu na mafuta ya nazi. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, changu ukutani, na kati yetu ilikuwepo meza yangu ya kusomea, ambayo juu yake palikaa kompyuta ya masomo ya nyumbani, rimoti ya michezo, na glasi ya maji yenye jino. Lilikuwa jino moja la mbele, la bandia, limeshikiliwa kwenye kipande cha waridi kinachobana kaakaa. Siku ya kwanza nilipoliona nilipiga makelele. Bibi akaniziba mdomo. "Sikiliza, mume wangu. Jino hili wanalijua watatu: Mungu, daktari aliyelitengeneza, na sasa wewe. Hata babu yako alikufa halijui."

Mume wangu. Ndivyo alivyoniita, na kama umekulia kwenye nyumba ya namna yetu hushangai. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na kazi ya mume huyo ni kutaniwa na kutania. Mimi nilikuwa mume mvivu asiyeleta nyama nyumbani. Yeye alikuwa mke mzee niliyelazimishwa. Nikimwambia, "Nakuacha, naoa Mzungu," anasema, "Mlete haraka, vitunguu vinanitoa machozi, amenye yeye." Aliwahi kunipakia pilipili kwenye mkate wakati nina somo kwenye kompyuta, kamera imewashwa, darasa zima likaniona nikilia wakati tunafundishwa sehemu za ua. Mimi niliwahi kuficha kiatu chake kimoja ndani ya friji siku nne. Hakukuwa na kununa. Sheria ilikuwa moja tu, na aliniambia siku niliyoiga mwendo wake mbele ya mgeni wa Mama: akaniita chumbani, akafunga mlango. "Ukinitania, nitanie nikiwa naona macho yako. Wageni hawamo." Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa. Hilo ndilo ambalo hata leo siwezi kulizunguka.

Sasa, chupa. Bibi alikuwa na imani tatu: Mungu, pilau isiyokolezwa rangi ya dukani, na kitu cha Mjapani. Redio ya babu ilikuwa ya Mjapani na ilidumu kuliko babu. Alijiapiza kwamba harudi Tanga bila chupa ya chai ya Japani, ile ambayo ukitia chai alfajiri, magharibi bado inakuunguza ulimi. Alifika kila duka la vyombo la Doonside na la Blacktown. Anaibeba chupa, anaigeuza makalio juu, anatafuta zile herufi alizozijua kwenye redio, halafu anairudisha kwenye rafu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Uchina." Mwenye duka akituangalia, mimi najifanya sina uhusiano naye.

Ilikuwa likizo ya kiangazi ya mwaka wa pili wa Corona, tulipokuwa tumefunguliwa kidogo lakini barakoa ni lazima kila dukani. Nikamwambia Bibi lipo jengo zima la maduka ya Kijapani mjini, ghorofa nne, karibu kabisa na Jumba la Opera. Nilikuwa nimeshakwenda na wenzangu wa shule. Hakuniacha nimalize. Alivaa gauni lake la maua, mtandio wa zambarau, na barakoa aliyojishonea kwa kipande cha khanga. Baba alitufikisha stesheni. "Mshike mkono mama yangu," aliniambia, "usimwache hata dakika." Nilimshika mkono kweli. Kwenye mkono wa pili nilikuwa na simu.

Tulishuka Circular Quay. Kwa kawaida pale huwezi kutembea bila kuingia kwenye picha ya mtu, lakini mwaka ule watalii hawakuwepo, walikuwepo shakwe, wanene, wakitutazama kama wenye mji. Bibi aliliangalia Jumba la Opera, ambalo watu huvuka dunia nzima kuja kuliona, akaliangalia kwa muda ambao mtu anaangalia saa. "Kama sahani zimeanikwa baada ya shughuli," alisema. "Haya, wapi kwa Mjapani?"

Mlangoni unapiga picha kwa simu kile kisanduku cha alama za QR na kuandika jina, ili mgonjwa akipatikana mtafutwe. Nikamwandikia: Mke wa Shaabani, yaani wangu mimi. Tukaingia, na dada aliyesimama karibu na mlango, mwenye aproni nyeusi, akainama kutoka kiunoni akatamka salamu ya Kijapani, ndefu, ya heshima. Bibi akasimama wima. Kwa mwaka mzima alikuwa amepita Sydney bila mtoto hata mmoja kumsalimu ipasavyo, wote ni kumpungia tu kama wanafukuza nzi. "Marahaba, mwanangu," akajibu. Tulipopita duka la pili, kijana akainama. "Marahaba." La tatu, wawili kwa pamoja. "Marahaba, marahaba, wanangu." Mpaka tunafika kwenye ngazi za umeme alikuwa anatembea kifua mbele, ameshakuwa mrefu zaidi. "Hawa wamelelewa," akaniambia, akinitazama kwa pembe ya jicho. "Wewe hujaniamkia toka juzi."

Tulizunguka jengo lile kama watu waliotumwa kulikagua. Ghorofa ya kwanza ni kalamu na madaftari tu, kalamu ukuta mzima, na Bibi akauliza ni nani anayeandika barua zote hizo. Ya pili ni mashine za kunyakua midoli kwa kucha ya chuma. Alizikodolea macho, akasema ni wizi uliowekewa taa. Ya tatu ni vyombo. Aligusa bakuli, akaligonga kwa ukucha akalisikiliza. Alishika kisu akakirudisha kwa mikono miwili. Na chupa zilikuwepo, rafu nzima, na alipoigeuza ile nyekundu na kuziona herufi zake, aliibana kwapani na hakuitoa tena mpaka tulipolipa. Ghorofa ya nne alitaka choo. Nilimsubiri nje muda mrefu, nikaanza kuogopa, kisha mlango ukafunguka, Bibi akatoka na macho yanang'aa juu ya barakoa. "Mume wangu! Choo kina maji! Unabonyeza, kinakunawisha chenyewe, na maji ya vuguvugu!" Mwaka mzima alikuwa anatembea na chupa ya plastiki ya maji kwenye mkoba kwa sababu ya vyoo vya hapa vya karatasi tupu. Akanikabidhi mkoba, akarudi ndani mara ya pili, bila haja yoyote, kwa heshima tu.

Hiyo ndiyo siku niliyokuwa nayo mkononi. Ningeweza kuiacha hapo. Bibi yangu akiwa na chupa yake, ameamkiwa na jengo zima, amekutana na choo cha kistaarabu, tukapanda treni tukarudi. Naendelea kuirudisha nyuma hiyo siku mpaka mlango wa choo na kuisimamisha, na haisimami.

Chini kabisa, ngazi zinakoishia, ni vyakula. Mbele ya mgahawa mmoja palikuwa na meza ndogo ya kitambaa cheusi, na juu yake sinia ya chakula cha siku ile: bakuli la supu, wali, kachumbari, na kamba watano wa kukaanga waliosimamishwa kwenye kikapu. Ni plastiki. Wajapani hutengeneza vyakula vya plastiki vya kuonyesha wateja, kwa ustadi mpaka mafuta yanaonekana yakimeremeta. Nilijua, maana safari ya kwanza mwenzangu alivigusa. Bibi hakujua. Aliinama kuwatazama wale kamba kwa jicho la kazi. "Huyu amekaanga kwa moto mkali, mara moja," alisema. "Angalia unga ulivyosimama. Anajua."

"Onja, Bibi."

"Sijashikwa na njaa."

"Ni vya kuonja. Ndiyo desturi yao. Mgeni asipoonja wanaona amewadharau."

Sikumshika kwa njaa. Nilimshika kwa adabu yake. Aliangalia mgahawani, yule dada wa mle akainama kwa mbali kama walivyoinama wote, na kwa Bibi huo ulikuwa ni ukaribisho uliokamilika. Nikawa nimeshawasha kamera. Akasema Bismillahi, akashusha barakoa ya khanga mpaka kidevuni, akachukua kamba mmoja kwa vidole vitatu, akauma kama mpishi anavyouma, kwa meno ya mbele, taratibu, apate kujua. Kamba hakukatika. Akavuta. Kamba akatoka mdomoni na jino likatoka naye, na kile kipande cha waridi, vikaning'inia kwenye mkia wa plastiki mbele ya uso wake.

Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Kwenye video unaisikia sauti yangu, bado haijavunjika, inalia kama filimbi. Mlinzi akaja mbio kusema barakoa, mama, barakoa. Yule dada wa mgahawa akatoka na karatasi laini, akainama chini kabisa, akiomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Bibi akageukia ukuta, akajifunika mtandio, akarudisha jino mahali pake. Aliponigeukia nikajiandaa kupigwa. Akacheka. Wallahi alicheka, akanichapa bega kwa mtandio. "Umenipata, mume wangu. Umenipata vibaya. Ngoja zamu yangu, utajuta kuzaliwa." Yule dada akarudi na kamba wa kweli, wawili, kwenye kikasha, zawadi. Bibi akawapokea kwa mikono miwili na kuinama vile vile alivyoinama yule dada. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Ile picha umeifuta?"

"Nimeifuta."

Mpaka hapo, naapa, ulikuwa utani. Mke na mume, macho kwa macho. Dada wa watu na mlinzi waliona, lakini hao hawakujua yeye ni nani. Kosa langu ni la kwenye treni. Bibi alikaa dirishani amepakata chupa kama anavyompakata Rukia, mimi karibu yake, na kabla hatujafika Strathfield nikairusha video kwenye kundi la Waswahili wa Sydney, lile la matangazo ya misiba, vyumba vya kupanga na nani ana unga wa dona. Juu yake nikaandika: "Bi Plastiki aenda mjini." Watu walikuwa wamefungiwa mwaka mzima, wana njaa ya kucheka. Vile vichwa vya manjano vinavyolia kwa kicheko vikaanza kushuka, mstari baada ya mstari, watu wazima nisiowajua, wananiita fundi. Mama mmoja Mrundi wa Minto ndiye pekee aliyeandika, "Mwana, uyu ni mama ya mutu, toa." Nikampandisha juu kwa kidole, akapotea.

"Unacheka nini, mume wangu?" Bibi akauliza.

"Mambo ya shuleni."

Naye akacheka. Hakujua anachekea nini. Alicheka kwa sababu mimi nilikuwa nacheka.

Siku mbili zilipita. Ya tatu tulikuwa mezani, chakula cha jioni, jua bado liko dirishani. Bibi alikuwa amepika wali wa nazi, mchicha, na samaki wa mchuzi wa ndimu. Baba alikuja na simu mkononi na hakunawa. Aliiweka karibu na kijaluba cha chumvi, akabonyeza, ikatoka sauti ya Shangazi Tatu kutoka Tanga, inakaribia kulia: "Kaka, mama amepatwa na nini? Video iko kila simu. Jana kwenye shughuli kwa Bi Saumu wamesimama jikoni wanaitazama, mapishi yamesimama. Wanamwita Bi Plastiki. Wanasema mpishi gani hajui kamba? Na lile jino, kaka, mimi mwanawe sikulijua." Sauti ikakatika. Mama akaacha kumlisha Rukia. Bibi alikuwa ameshika kijiko cha kupakulia na hakukiweka chini.

"Nani kairusha?" Baba akauliza. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka ulifunguka.

"Nilimwambia mimi," Bibi akasema. "Nilimwambia anipige, na nikamwambia airushe. Nilitaka watu wacheke. Dunia imenuna."

Baba hakuwahi kumpandishia sauti mama yake. Siku ile alimpandishia. Alimwambia, mama, kwa umri huu. Alimwambia, unatoa meno hadharani, watu wa kazini kwangu wameiona, mpaka Muheza wameiona, unanifanya mimi mtoto wa nani? Bibi aliinamisha kichwa kama msichana wa kazi aliyevunja sahani. Hakujitetea. Alinitazama mara moja tu, haraka, si kwa hasira; alinitazama kama mtu aliyefungua mlango na anasubiri mwenzake apite. Baba alipomaliza, nafasi ya kusema ilikuwepo, pana ya kutosha gari kupita. Na mimi, mchekeshaji, mwenye jibu kwa kila kitu, nikasogeza sahani yangu nikasema: "Bibi, naomba mchuzi."

Akanitilia.

Kesho yake glasi haikuwepo mezani kwangu. Wiki ile ile akahamia sebuleni, kwenye kochi, akasema kitanda kinamuumiza mgongo na Rukia anamhitaji karibu. Alinipikia, alinifulia, alinisahihisha Kiswahili changu, aliniuliza habari za masomo. Alinifanyia kila kitu. Ila aliniita Shaabani. "Shaabani, njoo ule." "Shaabani, funga mlango." Jina langu mwenyewe, nililopewa na babu yangu, na kila nilipolisikia nilitamani kuingia chini ya zulia. Nikamtania, akatabasamu kama anavyotabasamiwa mtoto wa jirani. Nikaficha kiatu chake kwenye friji. Akakitoa, akakivaa, akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika mlango wa friji, baridi inanipiga magotini.

Tulipofungiwa tena, safari hii kwa kukazwa, upande wetu wa mji ukakatazwa kwenda mbali, nilimkuta jikoni anasukuma chapati. Nyumba ilikuwa imetulia. Nikauliza nikiwa nimesimama nyuma yake, kwa sababu macho yake sikuyaweza. "Kwa nini ulisema ni wewe?"

Alisukuma chapati moja mpaka ikawa nyembamba kama karatasi. "Nilidhani nikisema mimi, utasema hapana, ni mimi," akajibu. "Ukaomba mchuzi."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho tulipolizungumza. Mipaka ilipofunguliwa aliondoka na ndege ya kwanza iliyompokea. Uwanjani alimkumbatia Rukia, akamkumbatia Mama, Baba akainama akambusu mikono. Kwangu alinyoosha barakoa yangu iliyokaa upande. "Haya, Shaabani. Usome." Tuliporudi nyumbani niliikuta chupa nyekundu juu ya meza yangu ya kusomea, pale pale ilipokuwa ikikaa glasi, bado ina karatasi yake ya dukani. Ndicho kitu pekee alichokitaka katika nchi hii nzima, na aliona bora arudi mikono mitupu kuliko kukiweka juu ya kabati lake na kuulizwa na wageni kakinunua wapi.

Shughuli zilipungua. Hilo nililijua kwa kusikiliza Baba akiongea na Shangazi Tatu chumba cha pili. Si kwamba walimwacha kabisa; lakini kila akifika na masufuria yake yupo mtoto atauliza kamba yuko wapi, na yeye si mtu wa kupika huku anachekwa. Watu wa harusi wakaanza kumkodi Bi Saumu awapikie badala yake. Kila Ijumaa Bibi alipiga simu. Mimi nilipewa simu nikasema shikamoo Bibi, akasema marahaba Shaabani, hujambo, unasoma, nami nikasema nasoma, nikamrudishia Baba simu kabla haijaniunguza. Kila Ijumaa nilikuwa nimepanga kwamba leo nitasema. Niliandika hata maneno kwenye karatasi. Halafu presha ikamchukua, siku ya Jumanne, anamenya ndizi.

Wageni wa hitima walipoondoka, Mama akamlaza Rukia, tukabaki Baba na mimi tunakusanya vikombe. Baba aliketi kwenye kiti chake cha siku zote, kwenye meza ile ile, chupa mbele yake. "Hapa," akasema, akigusa meza kwa kidole. "Hapa hapa ndipo nilipomfokea mama yangu. Kwa kijivideo chake. Alitaka watu wacheke, basi. Na sikumwomba radhi, nilisema nikienda Tanga nitamwomba uso kwa uso." Alianza kulia, na Baba hajui kulia, anakohoa.

Nikaweka vikombe chini. Mikono yangu ilikuwa inanuka hiliki. "Baba, si yeye. Hakuniambia nimpige, hakuniambia niirushe. Nilimdanganya kwamba kamba ni wa kuonja, nikamdanganya kwamba nimeifuta. Nikairusha mimi, kwenye treni, amekaa karibu yangu. Na lile jina niliandika mimi."

Nilisubiri kofi. Ningelipokea kwa shukrani. Baba alinitazama, machozi yamesimama njiani, na usoni mwake kikapita kitu ambacho hakikuwa hasira, kilikuwa kama mtu anayesikia simu iliyolia zamani.

"Alikuwa akiniuliza," akasema polepole. "Kila Ijumaa, ukishanirudishia simu. 'Mume wangu hajakwambia kitu?' Namuuliza, kitu gani, Mama? Anasema, 'Basi, bado. Rukia amelala?'"

"Alisema mume wangu?"

Baba akashangaa. "Kwani alikuwa akikuitaje?"